Namna ya kuweka lengo la utegemevu wa mitambo ya kijeshi kwa kuanzia kwenye operesheni yenyewe

Kila mara wanafunzi wa uhandisi hapa Lubumbashi wanapoanza kuandika kazi zao za mwisho, maswali hurudi yaleyale: lori la jeshi linatakiwa kuwa na utegemevu wa kiasi gani, je, 0.99 inatosha, na je, namba hiyo inapatikana katika kitabu gani? Maafisa wa ugavi na mafundi wa garaji huuliza jambo hilohilo kwa maneno mengine, wanapotaka kujua waandike nini katika karatasi ya kumpa muuzaji. Mwongozo huu unawajibu wote kwa pamoja. Jibu fupi ni kwamba namba hiyo haimo katika kitabu chochote, kwa sababu inategemea lori linakwenda wapi, linabeba nini, linasubiriwa na nani, na ni hasara gani itatokea lisipofika. Namba hiyo unaitengeneza wewe, na kuna utaratibu wa kuitengeneza.

Nitatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho: msafara wa malori unaopeleka chakula, mafuta na dawa kutoka Lubumbashi hadi kambi ya kufikirika karibu na Kolwezi, umbali wa takriban kilomita 300 kwa barabara. Barabara ni ya kweli, lakini msafara, kambi na namba zake nimezitunga ili hesabu ionekane. Utaratibu huohuo unafaa kwa redio, jenereta, boti au helikopta.

Mambo ya kuwa nayo kabla ya kuanza

- Mtu anayeijua operesheni kwa macho yake. Kamanda, dereva mkuu au ofisa ugavi wote wanafaa. Mhandisi peke yake hatoshi.
- Madaftari ya magari au ya mitambo inayofanana na hiyo, hata kama yameandikwa vibaya. Unachohitaji ni tarehe, kilomita au saa za kazi, kilichoharibika, na siku ambayo gari lilirudi kazini.
- Kompyuta yenye Excel au programu inayofanana nayo. Kompyuta nyingi za hapa zimewekwa kwa Kifaransa, kwa hiyo fomula utakazoziona chini zimeandikwa kwa Kifaransa.
- Muda wa kurudi nyuma. Hesabu hii haikamiliki kwa kupita mara moja tu, kama utakavyoona katika hatua ya tano.

Nadharia unayohitaji ni ndogo. Utegemevu ni uwezekano wa mtambo kumaliza kazi iliyokusudiwa, kwa muda au umbali uliotajwa na katika mazingira yaliyotajwa, bila hitilafu ya kuukatisha. Utayari ni uwezekano wa kuukuta mtambo ukiwa mzima siku unapouhitaji. La kwanza linahusu safari na la pili linahusu asubuhi kabla ya safari. Anayechanganya mawili haya atapata namba nzuri isiyosema lolote.

Hatua ya 1: Andika operesheni kwa namba

Chukua karatasi moja na uandike mambo yafuatayo, kila moja na namba yake: umbali, muda unaoruhusiwa, mzigo, idadi ya magari yanayotakiwa kufika, mara ngapi operesheni inarudiwa, na hali ya njia katika kila majira. Katika mfano wetu, malori 10 yenye mzigo kamili yanatakiwa kufika Kolwezi ndani ya saa 12, mara moja kila wiki, mwaka mzima.

Usipuuze majira. Masika ya Katanga, yanayoanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Machi au Aprili, huleta matope kwenye njia za pembeni na maji katika mifumo ya umeme wa gari, ilhali kiangazi hujaza vumbi katika vichujio vya hewa na kuchemsha injini zilizobeba mzigo mzito nyuma ya foleni ya malori ya shaba. Kama lengo lako halisemi ni majira gani, muuzaji atalipima kwenye lami kavu asubuhi yenye baridi, na hatakuwa amekudanganya.

Onyo: wanaoanza huandika kile ambacho gari linaweza kufanya (kasi ya juu, uwezo wa kupanda mlima) badala ya kile ambacho operesheni inadai. Karatasi hii ni ya operesheni. Jina la gari lolote lisionekane hapo.

Hatua ya 2: Amua ni nini kitakachohesabiwa kuwa hitilafu

Hapa ndipo ugomvi mwingi huanzia, na ni afadhali uumalize kabla ya namba yoyote kutajwa. Gawa hitilafu katika makundi mawili. La kwanza ni hitilafu inayokatisha safari: lori linasimama na haliwezi kufika ndani ya saa 12. La pili ni hitilafu inayodai fundi lakini haizuii kufika: taa imekufa, kioo kimepasuka, mafuta yanavuja polepole. Kundi la kwanza linahusu utegemevu wa operesheni. Makundi yote mawili kwa pamoja yanahusu mzigo wa garaji, vipuri na utayari.

Tairi ni mfano mzuri wa mpaka kati ya makundi haya. Kama kila lori limebeba tairi la akiba, jeki inayofanya kazi na watu wawili wanaoweza kulibadilisha kwa dakika 40, basi tairi lililopasuka halikatishi safari, kwa sababu ratiba ina nafasi ya dakika hizo. Lori lisilo na jeki litahesabiwa kuwa limeshindwa kwa tukio hilohilo. Kwa hiyo andika wazi ni matengenezo gani yanaruhusiwa njiani, kwa zana gani na kwa muda gani.

Amua pia mapema kuhusu makosa ya dereva na ya fundi. Muuzaji atataka yaondolewe katika hesabu na kamanda atataka yabaki. Kwangu mimi, yanayotokana na namna mtambo ulivyoundwa, kama vile kifuniko cha radieta ambacho hakifungiki vizuri, yabaki. Na yale ya mtu aliyelewa usukani yaondolewe.

Hatua ya 3: Pata lengo la operesheni nzima

Usimwulize kamanda anataka utegemevu wa kiasi gani, kwa maana atakujibu asilimia mia moja, na ana haki ya kujibu hivyo. Mwulize kinachotokea msafara unapopungukiwa. Katika mfano wetu kambi ina akiba ya wiki mbili. Msafara mmoja ukifika pungufu, watu watakula akiba na msafara unaofuata utafidia. Misafara miwili mfululizo ikipungukiwa, dawa na mafuta vitaanza kuisha.

Sasa hesabu inaanza kusema. Ikiwa kila msafara una uwezekano wa 0.80 wa kufaulu, misafara miwili mfululizo itashindwa kwa uwezekano wa 0.20 mara 0.20, yaani 0.04. Kwa mwaka wenye misafara 52, tukio hilo litategemewa kutokea karibu mara mbili. Ukiinua kufaulu kufikia 0.90, uwezekano unashuka hadi 0.01, na tukio litatokea takriban mara moja kila miaka miwili. Mpelekee kamanda sentensi hizo mbili naye achague. Tuseme amechagua ya pili: lengo la msafara ni 0.90, na sababu yake inajulikana na imeandikwa.

Tazama pia kwamba akiba ya kambi ni sehemu ya hesabu. Ghala la wiki tatu lingebadilisha lengo la malori bila mtu yeyote kugusa injini, na mara nyingine hilo ndilo pendekezo la busara kuliko yote.

Hatua ya 4: Geuza lengo la operesheni liwe lengo la lori moja

Malori 10 yanatakiwa kufika. Ukituma 10 tu, yote lazima yafike, na uwezekano wake ni utegemevu wa lori moja uliozidishwa wenyewe mara kumi. Ili upate 0.90 kwa njia hiyo, kila lori linahitaji karibu 0.99. Ukituma malori zaidi, mahitaji ya kila lori yanashuka. Katika Excel ya Kifaransa, uwezekano wa angalau malori 10 kati ya 12 kufika, kila moja likiwa na 0.90, unapatikana hivi:

=1-LOI.BINOMIALE.N(9;12;0,9;VRAI)

Fomula inachukua 1 na kutoa uwezekano wa malori 9 au pungufu kufika. Jibu ni 0.889. Ukibadilisha idadi na utegemevu utapata jozi zifuatazo, ambazo zote zinakaribia lengo moja:

- malori 10 yenye utegemevu wa 0.99 kila moja: 0.904
- malori 11 yenye 0.95: 0.898
- malori 12 yenye 0.90: 0.889
- malori 13 yenye 0.85: 0.882

Zigeuze sasa namba hizo ziwe wastani wa kilomita kati ya hitilafu mbili zinazokatisha safari, kwa kugawa umbali wa safari kwa logi asilia ya utegemevu (LN katika Excel), ukiacha alama ya kutoa. Kwa safari ya kilomita 300, utegemevu wa 0.99 unadai wastani wa karibu kilomita 29,850; 0.95 unadai 5,850, 0.90 unadai 2,850, na 0.85 unadai 1,850. Lori moja tu la ziada linashusha dai kutoka karibu kilomita 30,000 hadi chini ya 6,000. Lori la pili la ziada linapunguza nusu ya kilichobaki. La tatu linasaidia kidogo, na linakula mazutu (dizeli), dereva na tairi kama mengine. Kwa maoni yangu, jedwali hili dogo ndilo moyo wa kazi nzima, na anayelileta mezani hupata mazungumzo tofauti kabisa na yule anayeleta namba moja.

Onyo kubwa: fomula ile inachukulia kwamba kila lori linaharibika kivyake. Vumbi, mafuta machafu ya kituo kimoja au daraja lililokatika hayaheshimu dhana hiyo. Mfano unaojulikana ni jaribio la Marekani la kuwaokoa mateka wake nchini Iran, tarehe 24 Aprili 1980. Helikopta 8 aina ya RH-53D ziliondoka katika manowari ya Nimitz, na mpango ulitaka angalau 6 ziwe nzima ili kuendelea mbele kutoka kituo cha jangwani. Moja iliachwa njiani baada ya onyo la ufa katika pangaboi, nyingine ikageuza ikiwa na vifaa vibovu katikati ya wingu la vumbi, na ya tatu ikafika na hitilafu ya haidroli. Zilibaki 5, operesheni ikasitishwa, na wakati wa kuondoka helikopta moja iligongana na ndege ya C-130, wakafa wanajeshi 8. Kamati ya uchunguzi iliyoongozwa na Admirali James Holloway iliandika baadaye kwamba mpangaji asiyewekewa vizuizi angetaka angalau helikopta 10, na hata 12 kama angefuata takwimu za wakati wa amani.

Fanya hesabu mwenyewe: 6 kati ya 8, kila moja ikiwa na 0.90, inatoa 0.96, namba inayotuliza moyo, kwa 0.80 inatoa 0.80, kwa 0.75 inatoa 0.68 tu. Mpango uleule hubadilika kutoka salama kuwa kamari kutegemea namba moja ambayo lazima ichukuliwe katika mazingira ya safari yenyewe.

Hatua ya 5: Ongeza utayari, kisha rudi nyuma

Malori 12 ya kutuma asubuhi yanatoka katika kundi kubwa zaidi, kwa kuwa mengine yako garajini. Tuseme lori hufanya kazi wastani wa siku 20 kabla ya kuhitaji fundi, fundi hutumia siku 1, na kipuri husubiriwa siku 4 kwa sababu kinatoka ng'ambo ya Kasumbalesa, mji wa mpakani na Zambia. Utayari ni 20 kugawa kwa 25, yaani 0.80.

Anayeanza atasema: nahitaji 12, utayari ni 0.80, basi malori 15 yanatosha, kwa sababu 15 mara 0.80 ni 12. Hapana. Kumi na mbili hapo ni wastani, na uwezekano wa kuwa na angalau 12 wazima asubuhi fulani ni 0.65 tu. Ukitaka uwezekano huo ukaribie 0.90 unahitaji malori 17, ambayo yanatoa 0.894.

Halafu zidisha. Uwezekano wa kupata malori 12 (0.894) mara uwezekano wa 10 kufika (0.889) ni karibu 0.80, si 0.90. Kila kipande kilikuwa kinaonekana kizuri, lakini operesheni imerudi kwenye hali ya upungufu wa mara mbili kwa mwaka ambayo kamanda aliikataa. Hii ndiyo sababu nilikwambia uwe na muda wa kurudi nyuma.

Rudi basi, na ukipe kila kipande lengo la takriban 0.95. Malori 12 yenye utegemevu wa 0.93 yanatoa 0.953 kwa safari. Kundi la malori 18 lenye utayari wa 0.80 linatoa 0.949 kwa asubuhi. Zidisha upate 0.90. Lakini kuna njia nyingine: weka ghala dogo la vipuri Lubumbashi ili kusubiri kushuke kutoka siku 4 hadi 2. Utayari unakuwa 20 kugawa kwa 23, yaani 0.87, na kundi la malori 16 linatoa 0.953. Ghala limeokoa malori mawili mazima. Ungeongeza umri wa kazi kati ya hitilafu mara mbili, kutoka siku 20 hadi 40, utayari ungekuwa 0.89, faida isiyopishana sana na ya ghala, kwa gharama ambayo pengine ni kubwa zaidi.

Utayari nao haufai kuwa lengo peke yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wachambuzi waliokuwa wakifanya kazi na Coastal Command ya Uingereza, kikosi cha ndege kilichowinda nyambizi za Ujerumani, walikuta kwamba vikosi vilitakiwa kuonyesha asilimia kubwa ya ndege zilizo nzima. Cecil Gordon alionyesha mwaka 1942 kwamba kipimo hicho kilikuwa kinazuia kazi, kwani njia rahisi ya kuwa na ndege nyingi nzima ni kutozirusha. Akapendekeza kupanga urukaji kulingana na nguvu-kazi ya mafundi, na kupima saa za kuruka zinazopatikana kutokana na kazi yao. Kikosi kilichojaribu utaratibu huo kiliongeza saa zake kwa kiasi kikubwa. Wachambuzi hao waliona pia kwamba hitilafu zilipanda mara tu baada ya ukaguzi wa kawaida, dalili kwamba ukaguzi wenyewe ulikuwa ukivuruga kilichokuwa kizima. Fundi yeyote wa garaji anayejiheshimu anajua ukweli huo, ingawa hapendi kuuandika.

Kwa hiyo, pembeni ya utayari, andika daima kiasi cha kazi: utayari wa 0.87 *huku kila lori likitembea kilomita kadhaa zilizotajwa kwa mwezi*.

Hatua ya 6: Gawanya lengo kwa sehemu za mtambo

Hatua hii ni fupi. Utegemevu wa 0.93 kwa safari ni sawa na wastani wa hitilafu 0.073 kwa safari (logi ileile ya hatua ya 4). Tazama madaftari, ujue ni sehemu ipi ya hitilafu hizo inatoka kwenye mfumo wa kupoza, kwenye mafuta, kwenye breki, kwenye umeme, kisha uigawe 0.073 kwa uwiano huo, ukiipa nafuu sehemu ambayo ni ghali kuiboresha na kuibana ile inayoboreshwa kwa bei ndogo.

Kwa mtambo ambao kila kiungo lazima kifanye kazi, kumbuka kuzidisha. Gari la mawasiliano lenye redio ya 0.97, jenereta ya 0.95 na betri pamoja na nyaya za 0.98 lina 0.903 tu kwa jumla. Mhandisi Mjerumani Robert Lusser, aliyefanya kazi kwenye kombora la V-1 na baadaye Marekani, alilisisitiza jambo hili kwa miaka mingi: viungo vizuri vikiwa vingi hutengeneza mtambo mbaya. Usiweke lengo la redio peke yake ukadhani umeweka lengo la mawasiliano.

Hatua ya 7: Andika sentensi ya lengo, yenye viwango viwili

Kiwango cha kwanza ni cha chini, ambacho chini yake operesheni haifai tena na mtambo haupokelewi. Cha pili ni kile kinachotamaniwa, ambacho juu yake hakuna faida ya kulipia. Vyote viwili vinatoka kwenye hesabu zako: katika mfano wetu cha chini ni 0.93, na cha kutamaniwa kinaweza kuwa 0.95, ambapo malori 12 yanatoa 0.98 kwa safari, na zaidi ya hapo kamanda hahisi tofauti.

Sentensi kamili inaonekana hivi: «Lori lililobeba mzigo kamili litamaliza safari ya kilomita 300 kwenye barabara ya lami na udongo, katika majira yoyote ya mwaka, ndani ya saa 12, bila hitilafu ya kukatisha safari kama ilivyofafanuliwa katika kiambatisho, kwa uwezekano usiopungua 0.93, yaani wastani usiopungua kilomita 4,100 kati ya hitilafu hizo.» Ikiwa sentensi yako haina umbali, mazingira, muda na ufafanuzi wa hitilafu, bado ni matumaini.

Hatua ya 8: Hakikisha lengo linaweza kuthibitishwa

Marekani ilijifunza jambo hili kupitia vifaa vya elektroniki vilivyokuwa vikiharibika ovyo baada ya Vita Kuu ya Pili. Kamati iliyojulikana kwa jina la AGREE, iliyoundwa mwaka 1952, ilitoa ripoti mwaka 1957 ikitaka utegemevu uandikwe kwa namba na uthibitishwe kwa majaribio kabla ya kupokea mtambo. Lengo lisilopimika halimfungi mtu.

Kwa wastani wa kilomita 4,100 na uhakika wa asilimia 80 (yaani malori yaliyo chini ya lengo yangepita jaribio kwa uwezekano usiozidi 0.20), malori ya majaribio yatembee jumla ya takriban kilomita 6,650 bila hitilafu hata moja ya kukatisha safari, au 12,400 kama unaruhusu moja. Kwa uhakika wa asilimia 90 bila hitilafu, ni kilomita 9,500, yaani safari 32. Hilo linawezekana. Linganisha na yule aliyeandika 0.99: kwa uhakika huohuo wa asilimia 90 angehitaji karibu safari 230 mfululizo bila lori hata moja kukwama. Hatazifanya. Atapokea malori kwa kuamini karatasi ya muuzaji.

Usigawe kilomita hizo kwa malori mengi mno hadi kila moja litembee safari mbili tu, kwani hutaona uchakavu. Wala usiziweke zote kwenye lori moja, kwani huenda umepata lile zuri.

Mambo yanapokwama

*Hakuna madaftari.* Kaa na madereva watatu wazoefu, kila mmoja peke yake, na uwaulize safari zao za mwisho walizozikumbuka vizuri: ngapi zilikatishwa, na nini. Tumia makadirio ya chini kati ya matatu, na uandike wazi kwamba ni makadirio. Anza daftari siku hiyohiyo.

*Muuzaji ana namba nzuri kuliko madaftari yako.* Kwa kawaida wote wawili wanasema kweli. Yeye amehesabu hitilafu za vipande vya kiwandani tu, kwenye mazingira yake. Wewe umehesabu kila kusimama njiani. Mrudishe kwenye ufafanuzi wa hatua ya 2, mhesabu upya pamoja, tukio kwa tukio.

*Lengo linatoka juu kuliko mtambo wowote unaouzwa.* Usilishushe kimyakimya. Rudi kwenye hatua ya 4 na uongeze lori, kwenye hatua ya 5 na ufupishe kusubiri vipuri, au kwenye hatua ya 3 na uongeze akiba ya kambi. Ikiwa hakuna kati ya hayo kinachowezekana, mwambie kamanda ni mara ngapi kwa mwaka atapungukiwa, naye atie saini.

*Kamanda anashikilia asilimia mia moja.* Mwonyeshe jozi nne za hatua ya 4 pamoja na bei ya kila moja. Mara nyingi mjadala huhamia kwenye bei wenyewe.

*Hesabu inasema 0.90 lakini misafara inashindwa zaidi ya hapo.* Tafuta kinachoyapiga malori yote kwa pamoja: mafuta kutoka tangi moja, kundi moja la vichujio bandia, fundi mmoja aliyefunga boliti zote wiki ileile. Tenganisha safari za masika na za kiangazi, kisha ukokotoe kila moja peke yake. Ukikuta majira moja yana 0.80 na mengine 0.97, acha kutumia wastani wa mwaka, na uweke lengo kwa majira mabaya.

*Data ni nyingi na hazikubaliani.* Chagua zile zilizotoka kwenye njia na mzigo unaofanana na operesheni yako, hata kama ni chache. Safari 20 za kweli za kwenda Kolwezi zina thamani kuliko kilomita nyingi za kuzunguka mjini Lubumbashi kati ya mitaa ya Kenya na Katuba.